Kutoka Daftari la Mvua hadi Makadirio ya Mwaka 2050

Mche wa chai unaopandwa mwaka huu huko Ainamoi, Bureti au kwa jirani zetu wa Konoin hautachumwa na aliyeupanda peke yake. Mchai unaotunzwa vyema huendelea kutoa majani kwa miaka 50 na zaidi, na yapo mashamba katika eneo letu yenye michai iliyopandwa kabla ya Uhuru. Mkulima anapochagua aina ya miche na sehemu ya shamba ya kuipanda, anachagua pia kwa ajili ya mwaka 2050 na miaka inayofuata, apende asipende.

Ndiyo maana habari za tabianchi ya miaka ijayo zinatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 2011, Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Nchi za Tropiki (CIAT) kilitoa ripoti kuhusu maeneo yanayolima chai nchini Kenya. Ripoti ilieleza kwamba mwinuko unaoifaa chai zaidi, ambao wakati huo ulikuwa kati ya mita 1,500 na 2,100 kutoka usawa wa bahari, ungepanda hadi kati ya mita 2,000 na 2,300 kufikia mwaka 2050. Kericho iliwekwa miongoni mwa maeneo ambayo yangepoteza sehemu ya ubora wake kwa zao hili. Bomet iliwekwa miongoni mwa yale ambayo yangeendelea kufaa iwapo wakulima wangebadilisha namna ya kutunza mashamba.

Wengine wakisikia hivyo huingiwa na hofu, na wengine hupuuza wakisema ni mambo ya vitabuni. Makala hii inaeleza takwimu kama hizo hupatikanaje, zinaweza kutuambia nini na haziwezi kutuambia nini. Inaeleza pia kwa nini daftari la mvua lililosahaulika kwenye kabati la kiwanda au shule ni mali ya umma inayostahili kutunzwa.

KISA CHA KERICHO: MAHALI PAMOJA, MAJIBU MAWILI

Katika miaka ya 1980 na 1990, malaria ilirejea kwa kishindo katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hospitali zilizohudumia wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho zilikuwa miongoni mwa zilizoshuhudia ongezeko hilo. Swali likaulizwa: je, ni joto limepanda?

Swali hilo lilikuwa na msingi. Vimelea vya malaria aina ya falciparum hukua polepole mno ndani ya mbu joto linaposhuka hadi karibu nyuzi 18 za Selsiasi, na chini ya hapo ukuaji wake hukwama. Joto la wastani la Kericho liko karibu na mpaka huo. Kwa hiyo badiliko dogo tu lingeweza kuwa na maana kubwa kwa afya ya watu.

Mwaka 2002, watafiti wakiongozwa na Simon Hay walichapisha makala katika jarida la Nature. Walichunguza maeneo manne: Kericho, Kabale nchini Uganda, Gikongoro nchini Rwanda na Muhanga nchini Burundi. Walihitimisha kwamba hawakuona mabadiliko ya maana ya joto katika kipindi cha kuanzia 1911 hadi 1995.

Lakini takwimu walizotumia hazikuwa za kipimajoto kimoja kilichoko Kericho. Zilitoka kwenye gridi ya dunia iliyotayarishwa katika Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza. Gridi ni kama wavu uliotandazwa juu ya ramani. Vipimo vya vituo vilivyotawanyika huunganishwa kwa hesabu ili kila tundu la wavu lipate namba yake, hata pale ambapo hakuna kituo. Katika gridi hiyo, kila mraba ulikuwa na upana wa takriban kilomita 55.

Fikiria mraba wa ukubwa huo hapa kwetu. Unaweza kumeza mji wa Kericho pamoja na mashamba ya mpunga ya Ahero, yaliyo chini zaidi kwa takriban mita mia nane au zaidi. Anayetoka Kericho asubuhi akiwa na sweta huivua kabla ya kufika Ahero. Namba moja haiwezi kueleza sehemu zote mbili sawasawa. Mwaka huohuo wa 2002, watafiti wengine wakiongozwa na Jonathan Patz walitoa pingamizi la aina hiyo katika jarida lilelile. Mwaka 2006, Mercedes Pascual na wenzake walirudia uchunguzi kwa takwimu zilizofika hadi 2002, wao wakaona kwamba joto limepanda.

Mwaka 2011 likaja jibu kutoka kwenye kituo chenyewe. Judith Omumbo na wenzake, wakishirikiana na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, walichukua vipimo vya kila siku vya kituo cha Kericho kuanzia 1979 hadi 2009, wakavikagua ubora wake, kisha wakavichambua. Matokeo yalichapishwa katika Malaria Journal: joto la juu la mchana, joto la chini la usiku na wastani wake vyote vilikuwa vimepanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila baada ya miaka 10.

Nyuzi 0.2 zinasikika kama kitu kidogo. Lakini kwa miaka 30 ni nyuzi 0.6. Kwa kawaida joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.65 kila unapopanda mita 100. Kwa hiyo ni kana kwamba kila shamba la chai la eneo hilo lilichukuliwa na kuteremshwa karibu mita 90 kuelekea Soin, bila mwenyewe kuhama.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka huohuo wa 2011, baadhi ya watafiti waliohusika na makala ya 2002 walirudia hesabu zao. Walipotumia matoleo mapya ya gridi ya East Anglia, ongezeko la joto lilionekana, ingawa halikuwa limeonekana kwenye toleo la zamani. Walipochambua vipimo vya kituo cha Kericho kwa miaka ya 1979 hadi 1995 pekee, hawakuona mwelekeo wa kutegemewa. Walipoongeza miaka hadi 2009, mwelekeo ukawa dhahiri. Miaka 14 zaidi ya mtu kuamka, kwenda kwenye kituo, kusoma kipimajoto na kuandika ndiyo iliyoleta tofauti.

Ni haki kuongeza jambo moja. Kupanda kwa joto hakukumaanisha kwamba malaria ingeongezeka bila kikomo. Baada ya mwaka 2002, wagonjwa wa malaria Kericho walipungua tena ingawa joto halikupungua. Ugonjwa huo hutegemea pia dawa zinazofanya kazi, vyandarua na huduma za afya. Vipimo vya hali ya hewa havijibu kila swali. Lakini pasipo vipimo hivyo, tungekuwa bado tunabishana kama joto limepanda au la.

KWA NINI MODELI YA DUNIA HAITUONI VIZURI

Modeli ya tabianchi ni programu kubwa ya kompyuta inayofuata kanuni za fizikia kukokotoa upepo, joto, unyevu na mvua kote duniani kwa miaka mingi. Kwa kuwa kazi hiyo ni nzito, modeli nyingi za dunia hugawanya dunia katika miraba yenye upana wa kilomita 100 hivi, mingine zaidi ya hapo. Mraba mmoja unaweza kuchukua Kericho yote, Bomet yote na bado nafasi ikabaki.

Tatizo ni kwamba hali yetu ya hewa hutengenezwa na mambo madogo kuliko mraba huo. Mchana, upepo wenye unyevu huvuma kutoka Ziwa Victoria kuja nchi kavu. Hukutana na pepo zinazotoka mashariki na kusukumwa juu na milima yetu. Hewa hiyo ikipanda, wingu hujengeka, na jioni tunapata mvua ya radi, mara nyingi ikiwa na mawe. Ndiyo maana Kericho na Nandi zinajulikana duniani kote kwa wingi wa mvua ya mawe. Modeli yenye miraba ya kilomita 100 huiona milima hii kama mteremko mpole usio na mabonde, na upepo wa ziwa huuona kwa shida.

Vivyo hivyo kwa sakitu, ule umande unaoganda alfajiri na kuunguza majani. Usiku usio na mawingu, hewa baridi huwa nzito na hutiririka kama maji hadi kwenye bonde. Januari 2012 sakitu iliharibu majani chai katika Kericho na Bomet, na kila mkulima anajua kuwa shamba la bondeni linaweza kuungua huku la jirani aliye mlimani likibaki kijani. Hakuna wastani wa mraba mkubwa unaoweza kukuonyesha hilo.

JINSI MAKADIRIO YANAVYOSOGEZWA KARIBU

Wataalamu wana njia kuu mbili za kuyashusha makadirio ya dunia hadi kiwango cha eneo dogo.

Ya kwanza ni kutumia modeli ya kanda. Hii huchukua matokeo ya modeli ya dunia pembezoni mwa eneo, kisha hukokotoa upya ndani ya eneo hilo kwa miraba midogo zaidi. Mpango wa kimataifa wa CORDEX umetoa makadirio ya Afrika kwa miraba ya takriban kilomita 50, na baadaye kilomita 25. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza nayo iliendesha modeli iitwayo CP4-Africa yenye miraba ya takriban kilomita 4.5 kwa bara zima. Kwa ukubwa huo, modeli huanza kuyaona mawingu ya radi yenyewe badala ya kuyakadiria.

Njia ya pili ni ya takwimu, na ndiyo inayotegemea zaidi madaftari yetu. Mfano rahisi ni huu. Tuseme kituo cha hapa kimeonyesha kwamba wastani wa joto la mchana mwezi Februari ni nyuzi 25. Modeli, kwa sababu ya ukubwa wa miraba yake, inasema wastani huo ni 28, na kwamba utafika 29.5 miaka 30 ijayo. Mtaalamu hachukui ile 29.5 kama ilivyo, kwa kuwa anajua modeli imeanza ikiwa juu. Anachukua badiliko lake, yaani nyuzi 1.5, na kuliongeza kwenye kipimo halisi cha kituo. Makadirio ya Februari yanakuwa nyuzi 26.5. Namba hizi ni za mfano tu, lakini ndivyo kazi inavyofanyika.

Sasa angalia: kama kipimo cha kituo kina kosa la digrii moja, kosa hilo linaingia moja kwa moja kwenye makadirio ya mwaka 2050. Modeli haiwezi kulirekebisha, kwa kuwa imetegemea kituo kiirekebishe yenyewe.

Pale ambapo vituo ni vichache, wataalamu hutumia pia setilaiti. Mkusanyiko uitwao CHIRPS, kwa mfano, huunganisha picha za setilaiti na vipimo vya vituo kutoa makisio ya mvua tangu mwaka 1981 kwa miraba ya takriban kilomita 5. Mpango wa ENACTS, ulioanzia Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani, husaidia idara za hali ya hewa za Afrika, ikiwemo ya Kenya, kuunganisha setilaiti na vipimo vya vituo vyao wenyewe, vikiwemo vile ambavyo havifiki kwenye hifadhi za kimataifa. Hata hapo, setilaiti huona wingu kutoka juu. Aliyeona maji ndani ya kipimo ni msomaji wa kituo.

Kwa sababu hiyo, usidanganywe na ramani yenye miraba midogo sana. Kompyuta inaweza kuchora ramani ya kila kilomita moja hata pale ambapo kituo cha karibu kiko kilomita 30. Mistari ya ramani itakuwa mizuri, lakini maarifa yaliyomo ni yale ya kituo cha mbali yakiwa yamerekebishwa kwa mwinuko.

JOTO TUNALIJUA ZAIDI KULIKO MVUA

Kuhusu joto, vipimo na modeli vinakubaliana: limepanda na litaendelea kupanda. Wanachotofautiana ni kwa kiasi gani, na hilo linategemea pia gesi chafu ambazo dunia itaendelea kutoa.

Kuhusu mvua, hali si hiyo. Kwa Afrika Mashariki kwa jumla, mvua za masika zilielekea kupungua tangu miaka ya 1980, ilhali modeli nyingi zinasema mvua itaongezeka siku zijazo. Wanasayansi wenyewe wanakiita kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Baadaye ikaja misimu ya masika yenye mafuriko makubwa nchini, kama ya 2018, 2020 na 2024. Mwenye kukuambia kwa uhakika kwamba shamba lako litapata mvua kiasi fulani mwaka 2050 anakupa uhakika ambao sayansi haina.

Tukumbuke pia kwamba taarifa nyingi za kitaifa huzungumzia mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Nyanda zetu za magharibi hupata mvua pia katikati ya mwaka, Julai na Agosti. Kwa hiyo kichwa cha habari kuhusu ukame wa kitaifa au mafuriko ya kitaifa huenda kisiwe habari yetu. Hapa tena kinachotakiwa ni kipimo cha hapa.

KUPANGA KUMBUKUMBU ZETU

Eneo la chai lina bahati ambayo maeneo mengi ya nchi hayana. Tangu enzi za ukoloni, mashamba makubwa yalipima mvua kwa sababu za kibiashara. Kituo cha utafiti wa chai kilichoko Timbilil kina vipimo vinavyorudi nyuma hadi mwisho wa miaka ya 1950. Viwanda, shule na misheni huenda pia vina madaftari yao. Tatizo ni kwamba daftari lililoandikwa kwa kalamu huliwa na mchwa, hulowa, au hutupwa meneja mpya anaposafisha ofisi.

Ikiwa wewe ni mwalimu, karani wa kiwanda, mhudumu wa kanisa au mkulima mwenye kumbukumbu za aina hiyo, haya ndiyo mambo ya kufanya.

1. Usitupe, na usianze kwa kunakili. Kwanza piga picha ya kila ukurasa, pamoja na jalada na maandishi ya pembeni. Simu ya kawaida inatosha. Weka picha hizo mahali pawili tofauti.

2. Andika historia ya kituo. Kinaitwaje? Kiko wapi hasa na kwenye mwinuko gani? Kilianza mwaka gani? Kilihamishwa lini, hata kama ni kutoka mbele ya ofisi hadi nyuma? Kifaa kilibadilishwa lini? Je, kuna mti au jengo lililoota karibu? Kituo kikihamishwa mita chache tu mlimani, joto lake hubadilika, na asiyejua hudhani ni tabianchi iliyobadilika.

3. Sifuri si pengo. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Siku ambayo hakuna aliyesoma iachwe wazi na kuwekewa alama. Ukichanganya hayo mawili, likizo ya Desemba ya shule itaonekana kama ukame.

4. Angalia vizio. Madaftari ya zamani yaliandikwa kwa inchi na Farenhaiti. Inchi moja ni milimita 25.4. Kubadilisha Farenhaiti kuwa Selsiasi, toa 32 kisha gawanya kwa 1.8. Andika mahali kizio kilipobadilika.

5. Angalia saa na tarehe. Kwa kawaida mvua husomwa saa tatu asubuhi, na maji yaliyomo mara nyingi ni ya jana jioni. Andika wazi kama msomaji alikuwa akiyaweka kwenye tarehe ya jana au ya leo.

6. Kagua makosa, lakini usifute. Joto la usiku haliwezi kuzidi la mchana. Mvua ya milimita 240 kwa siku moja huenda ilikuwa 24.0. Kipimo kikubwa cha kila Jumatatu huenda ni cha siku mbili au tatu, kwa kuwa wikendi ofisi ilifungwa. Weka alama kando ya namba yenye shaka na uandike sababu. Namba ya awali ibaki ilivyo.

7. Usijaze pengo kwa kubahatisha. Pengo la kweli lina faida kuliko namba ya kubuni. Mtaalamu ana njia za kuliziba akilinganisha na vituo jirani.

Kazi hiyo ikikamilika, weka vipimo kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa siku moja, na ofisi ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya iliyoko katika kaunti ipewe nakala.

KUANZA KIPIMO KIPYA

Hujachelewa kuanza. Kipimo cha mvua ni kifaa rahisi. Kiweke mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Mti wa mita 5, basi kipimo kiwe mita 10 au zaidi kutoka hapo. Kisome kila siku saa ileile. Kipimajoto kinahitaji kivuli chenye kupitisha hewa, ndani ya kisanduku cheupe chenye mbavu, na kisiwekwe ukutani mwa nyumba ya mabati. Shule zinaweza kufanya kazi hii vizuri. Shirika la TAHMO limeweka vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha katika shule za nchi mbalimbali za Afrika, zikiwemo za Kenya.

Kipimo kina faida hata leo, kabla ya mwaka 2050 kufika. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 10 hukusanya hadi lita 600. Ukiwa na rekodi ya miaka michache, utajua tangi la ukubwa gani litavusha familia na ng'ombe katika kiangazi cha Januari na Februari.

Mvua ya mawe na sakitu nazo ziandikwe, kwa kuwa ndizo modeli na setilaiti huziona kwa shida zaidi. Andika tarehe, saa, mawe yalidumu dakika ngapi, yalikuwa ukubwa wa harage au wa mbegu ya parachichi, na ni upande gani wa mlima ulioumia. Bima ya mazao inayolipa kwa kufuata makisio ya setilaiti inaweza kukosa kuona mawe yaliyopiga shamba lako. Rekodi ya jirani kumi wakiwa pamoja ni hoja yenye nguvu kuliko malalamiko ya mmoja.

MASWALI MANNE YA KUULIZA

Ukiletewa makadirio ya tabianchi, iwe barazani, kwenye mkutano wa kiwanda au redioni, uliza haya:

Yamelinganishwa na kituo gani cha hapa, na kwa miaka mingapi? Ikiwa hakuna jibu, yachukue kama picha ya kanda na si ya shamba lako.

Badiliko limepimwa kutoka kipindi gani? Ongezeko la digrii moja na nusu kutoka 1961 hadi 1990 si sawa na ongezeko hilohilo kutoka 1991 hadi 2020, kwa kuwa sehemu yake tayari imeshatufikia.

Zimetumika modeli ngapi, na zinakubaliana? Jibu la modeli moja ni maoni ya mtu mmoja. Uliza kiwango cha chini na cha juu, usiridhike na wastani.

Yanazungumzia nini hasa? Wastani wa mwaka haumsaidii sana mchumaji. Kinachoumiza chai ni idadi ya siku za joto kali mfululizo, urefu wa kipindi bila mvua, au usiku wa baridi kali. Mradi wa CI4Tea, uliofanya kazi Kenya na Malawi ukiwa na Chuo Kikuu cha Leeds miongoni mwa washirika, ulilenga kutoa taarifa za aina hii kwa wakuzaji wa chai.

UAMUZI ULIO MBELE YETU

Tukirudi kwenye ripoti ya 2011, mtu anaweza kusema: kama chai inapanda mlima, basi nasi tupande nayo. Lakini kwetu sisi, ukipanda kutoka mashamba ya chai unafika Msitu wa Mau. Msitu huo ndio chanzo cha mito kama Sondu na Mara, na mkanda wa chai ya Nyayo uliowekwa tangu mwaka 1986 ulikusudiwa kuulinda usivamiwe. Chai haiwezi kuhamia msituni bila kuharibu maji yanayoilisha chai yenyewe, mifugo na watu walio chini. Kwa hiyo tutalazimika kuzoea hapa hapa tulipo.

Hilo si sababu ya kung'oa michai. Ni sababu ya kufikiri kabla ya kupanda upya. Aliye kwenye mwinuko wa chini na ana sehemu inayohitaji kupandwa upya amwulize afisa wa kilimo wa wadi au watafiti wa Timbilil ni aina gani za miche zinazostahimili joto na ukame, na asipande shamba zima kwa aina moja. Kuvuna maji, kuhifadhi unyevu wa udongo na kuwa na chanzo kingine cha mapato kando ya chai ni hatua zitakazomfaa mkulima mvua ikiongezeka au ikipungua. Kwa kuwa hatuna uhakika na mvua, hatua za aina hiyo ndizo za kutangulizwa.

Na kama nyumbani, shuleni au kazini kwako kuna daftari la zamani la mvua au joto, usingoje mtafiti atoke Nairobi au ng'ambo kulitafuta. Lipige picha wiki hii, kisha umjulishe afisa wa kilimo wa wadi yako au ofisi ya hali ya hewa ya kaunti. Aliyeandika kipimo cha Kericho asubuhi moja ya mwaka 1979 hakujua kwamba namba yake ingesaidia kumaliza mabishano ya wanasayansi miaka 32 baadaye.